Barua ya wazi kwa makhatibu wa Mombasa: mlango wa wizi mnausoma nusu

Kwa waheshimiwa masheikh, maimamu na makhatibu wa misikiti ya Mombasa, pamoja na kamati zinazoisimamia.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu na heshima, naandika hadharani jambo nililoanza kulisema faraghani. Nilimfuata imamu wangu baada ya swala ya Isha nikamweleza. Alinisikiliza kwa upole, akanishauri nimwandikie katibu wa kamati. Nikaandika. Barua ikapokewa, ikapigwa muhuri, ikalala. Nilipokwenda kuulizia, mjumbe mmoja alinijibu kwamba mambo ya haddi, yaani adhabu zilizowekwa na sharia, yana wenyewe, na mimi si mmoja wao. Kwa hilo sibishani naye. Mimi nimesoma chuoni kwa mwalimu kama watoto wenzangu wa Mji wa Kale, na hadi leo nahudhuria darsa za jioni, basi. Ila malalamiko yangu yanahusu elimu mliyonayo nyinyi wenyewe, ambayo mwaka huu siku ya Ijumaa haipandi nanyi mimbarini.

Chanzo mnakijua. Tangu vijana wa mapanga walipoanza kututia hofu, na simu kukwapuliwa mchana kweupe, khutba zimekuwa za sauti moja. Inasomwa aya ya 38 ya Suratul Maida, mwizi mwanamume na mwizi mwanamke wakateni mikono yao. Linafuata "lau kama tungekuwa na sharia." Takbira zinapanda, iqama inakimiwa, watu wanatoka na hasira zao. Khatibu mmoja alifika hadi ya kusifu video ya mtu anayekatwa mkono, iliyokuwa ikizunguka kwenye simu za watu wiki ile, akasema huo ndio utulivu tunaoukosa. Mbele yangu kulikuwa na watoto wa madrasa wamekaa safu nzima.

Sikanushi aya. Aliyeiteremsha ndiye ninayemsujudia. Naomba tu niwekewe pamoja nayo yale ambayo nyinyi wenyewe mmetufundisha.

1. Aya ya 39 haisomwi.

Inafuata palepale, haina hata nafasi ya kuvuta pumzi: mwenye kutubu baada ya dhulma yake na akatengenea, Mwenyezi Mungu huipokea toba yake. Katika khutba zote nilizozisikia juu ya jambo hili, sijapata kusikia khatibu akifika hapo. Wanazuoni wamekhitilafiana kama toba hiyo inaondoa adhabu ya duniani, sawa. Lakini kukhitilafiana juu ya aya si ruhusa ya kuiruka.

2. Masharti hayatajwi, na mwizi mnayemlaani hamngemkata.

Hapa ndipo penye uzito wa barua yangu, mniwie radhi nikirefusha.

Sisi ni Mashafi'i. Matn ya Abu Shujaa, kitabu kifupi cha fiqhi ya madhehebu yetu, inasomeshwa katika pwani hii tangu enzi za mababu, na mlango wa wizi ndani yake ni mistari michache tu. Mwenye kukatwa ni lazima awe baleghe na mwenye akili. Kilichoibwa kifikie robo dinari, yaani zaidi kidogo ya gramu moja ya dhahabu. Kiwe kimetolewa katika hirzi, mahali panapostahiki kuhifadhia kitu cha aina yake. Mwizi asiwe na umiliki ndani yake, wala shubha, yaani shaka ya kuzuia hukumu. Baba akiiba mali ya mwanawe hakatwi. Mshirika akiiba katika mali ya ushirika, vivyo hivyo. Hata viatu vyetu vinavyopotea mlangoni mwa msikiti kila Ramadhani, vilivyoachwa bila mlinzi, havimo katika hirzi. Na juu ya masharti yote hayo imekaa ile kanuni mnayoipenda darasani, kwamba haddi huepushwa kwa shubha.

Sasa tumchukue huyu anayekwapua simu mkononi mwa mtu pale kituo cha matatu akatimua mbio. Kitabu chenu kinamwita mukhtalis, yaani mkwapuaji. Iko hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume, inayosema kwamba mhaini wa amana, mporaji wa wazi na mkwapuaji hawakatwi mkono. Na wanazuoni wakaeleza kwa nini: huyu anafanya machoni pa watu, na watu wanaweza kupiga ukelele na kumrudisha, tofauti na anayevunja mlango wa mtu usiku wakati hakuna wa kushuhudia. Adhabu yake ni taaziri, kwa kadiri atakavyoona hakimu. Si kwamba anaachiwa. Lakini mkono wake, kwa madhehebu yetu, unabaki mahali pake.

Kwa hiyo, masheikh wangu, khutba nzima iliyosomwa kwa ajili ya wezi wa simu imejengwa juu ya adhabu isiyowahusu wezi wa simu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayajua haya. Khatibu aliyasahau vipi?

Mtaniambia kuna wenye mapanga, na hao hawakwapui, wanakata watu. Kweli kabisa, na miongoni mwa waliokatwa wamo jamaa zangu. Hao wana mlango wao, wa hiraba, yaani unyang'anyi wa kutumia silaha, nao ni mzito kuliko huu. Lakini una masharti yake vilevile, na aya ya 34 imewafungulia njia waliotubu kabla hawajatiwa mikononi. Tena wengi wa vijana hao ni watoto ambao baadhi yao ubaleghe wenyewe ni wa kuulizia. Kuwachanganya wote, aliyebeba panga na aliyenyakua simu na aliyeiba kuku, chini ya aya moja, ni jambo ambalo mwalimu angemkaripia mwanafunzi wake kwa kulifanya.

3. Hamsemi ni nani mwenye mamlaka.

Haddi ni kazi ya hakimu baada ya ushahidi. Hakuna madhehebu iliyompa mtu wa njiani mamlaka hayo. Na katika nchi hii, ibara ya 170 ya katiba ya 2010 imewapa makadhi wetu ndoa, talaka, mirathi na hali za mtu binafsi, kwa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yao. Kadhi wa Mombasa hawezi kumhukumu mwizi hata faini ya shilingi kumi. Basi khatibu anapopaza sauti "wakateni", amri hiyo inamwendea nani? Walioko mbele yake ni hamali, mwalimu, dereva wa tuktuk na watoto wa madrasa.

Niliona jibu kwa macho yangu. Ijumaa ile ya video, watu walipokuwa wakitoka, kijana alikwapua simu ya hamali wa mkokoteni akakamatwa kabla hajafika barabarani. Alikuwa na sweta ya shule iliyotolewa nembo. Walimpiga kwanza, kama kawaida yetu. Kisha wakamburuta hadi kwenye mabomba ya udhu, wakamwekea mkono wa kulia juu ya ukingo wa saruji, mtu akakikanyaga kifundo. Mwingine akamwitisha muuza madafu panga lake. Yule mzee alilitia chini ya kikalio chake akalikalia, akawa hajibu neno.

Hamali mwenyewe, mwenye simu, akapita katikati akisema, "Simu yangu nimeipata. Nimemsamehe, mwacheni." Akajibiwa na kijana wa makamo aliyevaa kanzu safi: "Hiyo si haki yako ya kusamehe, ni haki ya Mungu. Hukumsikia sheikh?"

Nyinyi mnaijua habari ya Safwan bin Umayya, aliyeibiwa nguo yake akiwa amelala msikitini. Mwizi alipofikishwa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na ikaamriwa akatwe, Safwan akasema amempa nguo ile. Akaambiwa: mbona hukufanya hivyo kabla hujamleta kwangu? Kusamehe kabla ya kufika kwa hakimu kuna nafasi yake katika sharia, na hamali asiye na kilemba aliikumbuka. Aliyekuwa na kanzu aliikumbuka khutba. Kijana aliondoka pale amechukuliwa na polisi, vidole viwili vimevunjika. Angeweza kuondoka na tairi shingoni, na mnajua kwamba sisemi kwa mzaha.

Msiniambie "sisi hatukumtuma mtu." Katika mji ambao ukelele wa "mwizi!" unatosha kumuua mtu, khatibu anayejua hivyo na akaongeza kuni ana sehemu yake.

4. Mmesahau mwaka wa njaa.

Mwaka wa 18 Hijria mvua ilikatika Hijazi, watu wakafa njaa. Sayyidna Umar, ambaye katika ukali hatutafuti mwingine wa kumpigia mfano, alisimamisha kukata mikono mwaka ule. Na kuna kisa chake kingine katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imamu Malik. Watumwa wa mtu aitwaye Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja wakamla. Amri ya kuwakata ilikwisha kutoka, kisha Umar akamgeukia bwana wao: naona wewe unawashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akasema alikwisha kukataa kumwuza kwa dirham 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800. Mikono ikabaki, na tajiri akalipa mara mbili.

Linganisheni na Sudan. Septemba 1983 Rais Jaafar Nimeiri alitangaza sheria zake za haddi, na mwaka uliofuata akaweka mahakama za papo kwa papo. Watu walikatwa hadharani katika gereza la Kober mjini Khartoum, wengi wao maskini waliotoka kusini na magharibi mwa nchi. Mwaka huohuo wa 1984 ukame wa Darfur na Kordofan ulikwisha kuwa njaa, na familia zilizokimbia zilipiga kambi pembezoni mwa Omdurman. Umar aliiona njaa akaweka kisu chini. Nimeiri alikuwa na njaa mlangoni mwa mji wake, na visu vikaendelea. Aliyempinga hakuwa kafiri wala kibaraka: Sadiq al-Mahdi, kitukuu wa Mahdi mwenyewe, yule kiongozi wa dini wa Sudan, alizikosoa sheria zile na akafungwa kwa ajili hiyo. Nimeiri aliangushwa Aprili 1985. Waliokatwa mikono hawakurudishiwa.

Nauliza swali la moja kwa moja. Kisauni na Likoni, vijana wanamaliza kidato cha nne na hawana hata kibarua cha kupakua shehena. Umar angeuliza nini kabla ya kuuliza habari ya mkono?

5. Mnatuonyesha utulivu usiokuwepo.

Nimeambiwa niangalie Nigeria ya kaskazini. Nimeangalia. Gavana Ahmad Sani Yerima aliitangaza sharia Zamfara mwaka 1999, na majimbo ya kaskazini yakamfuata mpaka yakafika 12. Machi 2000 mwizi wa ng'ombe kutoka Jangebe alikatwa mkono wa kulia, habari ikaenea ulimwengu mzima. Baada ya hapo zilitolewa hukumu nyingine nyingi za aina hiyo, na nyingi hazikutekelezwa. Na Zamfara leo? Ni jimbo linalotajwa kwa majambazi wa pikipiki, wizi wa mifugo kwa mamia na utekaji wa watu. Tarehe 26 Februari 2021 watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya wasichana wakawachukua wanafunzi usiku. Waliporudishwa siku chache baadaye, walihesabiwa 279. Shule ile iko Jangebe. Mji uleule.

Sitasema mkono ule ndio uliosababisha majambazi. Sababu zao ni nyingi: malisho, dhahabu, silaha, serikali iliyo mbali na watu. Nasema tu kwamba watu waliambiwa kisu kitaleta amani Jangebe, na hakikuleta.

Karibu yetu zaidi kuna Mogadishu. Juni 2009 al-Shabaab waliwakata vijana wanne mkono wa kulia na mguu wa kushoto kila mmoja, mbele ya umati, kwa tuhuma za kuiba simu na bunduki. Wakili hawakuwa naye, rufani haikuwapo. Hao nao walisoma aya. Nina hakika hakuna hata mmoja wenu anayewakubali watu wale, lakini ukimsikiliza khatibu wa Ijumaa ile ukafumba macho, tofauti utaitafuta.

Kuna anayesema "Saudia si unaacha duka wazi ukaenda kuswali?" Kila kikundi cha hija kinachotoka Mombasa huwaonya mahujaji wafiche pesa kwenye mkanda, kwa sababu wanyang'anyi wa mifukoni wako mpaka kwenye tawafu. Na Pakistan, iliyoandika adhabu hii katika sheria zake mwaka 1979, serikali yake haijamkata mtu mkono hadi leo. Mahakama zilipoyatazama yale masharti, hukumu hazikusimama.

6. Mkubwa hatajwi.

Hadithi ya mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mtukufu wa Makka, aliyeiba, mnaisoma kwa sauti: lau Fatima binti Muhammad angeiba, ningeukata mkono wake. Maneno yaliyotangulia kabla ya hapo mnayapitia haraka. Waliokuwa kabla yenu waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimsimamishia haddi.

Sasa, mla mali ya umma hakatwi, kwa sababu ana fungu lake katika hazina, na mla amana ni mhaini aliyetajwa katika hadithi ya Jabir. Sawa, hilo ndilo jibu mtakalonipa, na ni jibu sahihi. Lakini tazameni tulipofika: kwa mkubwa mnazikumbuka shubha zote, kwa mtoto wa sweta hamkumbuki hata moja. Mwanasiasa ambaye mji mzima unajua dawa za hospitali zilikwendaje anawekewa kiti cha mbele kwenye Maulidi, anachangia zulia, anaombewa dua ndefu. Taaziri yake iko wapi? Hata ya maneno?

Najua pia yatakayosemwa juu yangu: kwamba nimetumwa na mashirika ya haki za binadamu, kwamba nawaiga Wazungu. Rudini mhesabu. Abu Shujaa, Malik, Umar, Safwan, Jabir. Sijamtaja Mzungu. Wapo watakaosema khutba ni ya kuogofya tu, ili vijana waogope. Kijana anayeuza simu ya wizi kwa bei ya unga hayuko msikitini saa hizo. Anayesikia ni yule atakayemkamata.

Kwa heshima zote, naomba haya.

Khatibu yeyote atakayeisoma aya ya 38 aisome na ya 39, na ataje masharti, hata kwa dakika mbili.

Ijumaa moja, misikiti yote itamke kwa lugha iliyo wazi kwamba hakuna raia mwenye ruhusa ya kusimamisha haddi, kwamba kumpiga mwizi aliyekwisha kamatwa ni dhulma, na anayemuua ni muuaji mbele ya Mungu na mbele ya sheria ya Kenya. Ombi hili nalitanguliza kuliko yote. Likitimizwa peke yake nitashukuru.

Kila kamati ya zaka itangaze mapato na matumizi ya mwaka, na ieleze ni vijana wangapi wa mtaa wake waliolipiwa ufundi, au waliopewa mtaji. Zaka inakusanywa, hatuoni inakokwenda.

Darsa moja ya hadhara isomeshwe juu ya mlango wa wizi, mwanzo mpaka mwisho, na maswali yaruhusiwe, hata kutoka upande wa akina mama, ambao watoto wao ndio wanaouawa.

Na barua niliyoiacha kwa katibu ijibiwe kwa maandishi. Ikiwa nimekosea katika fiqhi, nionyesheni mahali, kwa kitabu na ukurasa, nami nitarekebisha hadharani kama nilivyoandika hadharani. Nakala za barua hii nitazibandika kwenye ubao wa matangazo wa kila msikiti utakaoniruhusu, na nitaileta mkononi kwa kila khatibu kabla ya Ijumaa ya mwanzo wa mwezi ujao.

Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullah,

Muumini na mzazi,
Mji wa Kale, Mombasa.